Siri ya Mtungi na Wajibu wa Kata

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mara nyingi methali hii hutumika kufunga mazungumzo: mambo ya nyumba ya watu waachiwe wenye nyumba. Mimi huisoma kwa namna nyingine. Kata ndiyo inayoingia mtungini kila siku. Ikiwa inajua kwamba maji yameharibika, haina udhuru wa kunyamaza wakati watu wanakunywa. Katika maisha ya mtoto, kata ni mwalimu anayekaa naye tangu asubuhi hadi alasiri, muuguzi anayemvua shati ili amchome sindano, daktari anayesoma picha ya eksirei ya mkono wake, ustadhi wa madrasa, mwalimu wa shule ya Jumapili na mtendaji anayepokea malalamiko ya majirani. Watu hawa huona mambo ambayo sisi wengine hatuyaoni. Makala haya yanahusu wanachotakiwa kufanya kisheria wanapoona, na sababu zinazowafanya wengi wao wasifanye.

Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikiwafundisha vijana wanaotarajia kuwa walimu, na kila mwaka huwauliza swali lile lile: mkishuku kwamba mtu anamdhuru mwanafunzi wenu, sheria inawataka mfanye nini? Majibu hutofautiana. Wapo wanaosema ni hiari ya mwalimu mwenyewe. Wapo wanaosema ni kazi ya mkuu wa shule. Wengi husema lazima kwanza upate ushahidi. Wanaosema kwamba ni wajibu huwa wachache, na wanaojua wajibu huo umeandikwa wapi huwa wachache zaidi. Siwalaumu. Hawa ni vijana waliopita shule ya msingi, sekondari na miaka kadhaa ya chuo, na katika safari yote hiyo hakuna aliyewafungulia ukurasa huo.

Wajibu huo umo katika Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009. Kifungu kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Kinataja pia mzazi, mlezi au ndugu anayeishi na mtoto, mwenye uwezo wa kumpatia chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na nafasi ya kucheza, lakini anakataa au anapuuza. Afisa ustawi wa jamii akishapata taarifa anaweza kumwita anayelalamikiwa, na uamuzi atakaoutoa unapaswa kutanguliza maslahi bora ya mtoto. Mtu huyo akikaidi, njia ya mahakama ipo.

Naomba msomaji azingatie neno moja dogo katika kifungu hicho: "au". Sheria inasema ushahidi au taarifa. Haikusema ushahidi peke yake. Aliyeitunga alijua kwamba jirani hawezi kufanya uchunguzi, na kwamba mwalimu wa hisabati hana kazi ya kuthibitisha kosa la jinai. Kazi ya kuthibitisha ni ya polisi, ya mwendesha mashtaka na ya hakimu. Mwalimu hutakiwa kupeleka alichokiona na alichokisikia. Hata hivyo, katika ofisi zetu nyingi neno "au" limefutwa kimyakimya, na kila anayeleta taarifa huulizwa kwanza: ushahidi uko wapi?

Kuna udhaifu mwingine katika kifungu hicho, nao hautokani na watekelezaji. Kinamtaja "mwanajamii yeyote", lakini hakimtaji mwalimu wala muuguzi kwa jina la kazi yake, na hakisemi taarifa itolewe ndani ya saa ngapi. Kanuni za Ulinzi wa Mtoto za mwaka 2014 zimekwenda hatua mbele katika kueleza namna taarifa inavyopokewa na kufanyiwa kazi, lakini ni walimu wangapi wamewahi kuzishika mkononi? Aliyewahi kufanya kazi katika utumishi wa umma anafahamu kwamba wajibu wa kila mtu mara nyingi huwa ni wajibu wa yule asiyekuwepo kikaoni.

Tatizo lenyewe si dogo. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto nchini Tanzania, ukihusisha UNICEF, Kituo cha Marekani cha Kudhibiti Magonjwa na Chuo Kikuu cha Muhimbili, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa angalau tendo moja la ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa takribani asilimia 13. Karibu robo tatu ya vijana wa jinsia zote mbili walisema walipigwa, kwa ngumi, mateke, viboko au silaha, kabla ya umri huo. Jambo lililonishtua zaidi ni ukimya: karibu nusu ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono, na sehemu kubwa zaidi ya wavulana, hawakuwahi kumweleza mtu yeyote. Mtoto asiposema, anayebaki kusema ni mtu mzima aliyeona dalili. Na mtu mzima huyo, mara nyingi, yuko kazini.

Wajibu wa wataalamu kutoa taarifa haukuzuka tu. Mwaka 1962 daktari wa watoto C. Henry Kempe na wenzake wa Denver, Marekani, walichapisha makala katika jarida la madaktari wa nchi hiyo kuhusu watoto waliofikishwa hospitali wakiwa na mifupa iliyovunjika, ikaunga, ikavunjika tena. Eksirei zilionesha majeraha ya nyakati tofauti. Wazazi walisema mtoto ameanguka. Kempe na wenzake waliandika jambo ambalo wanataaluma hawakupenda kulisikia: kwamba madaktari wengi walishindwa kuliona lililo mbele ya macho yao kwa sababu hawakutaka kuamini kwamba mzazi anaweza kutenda vile. Kati ya mwaka 1963 na 1967 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yametunga sheria za kutoa taarifa, nyingi zikianza na madaktari. Sheria hizo zilitungwa kwa kuelewa kwamba elimu na huruma pekee hazitoshi. Hata daktari bingwa huona haya mbele ya mzazi aliyevaa vizuri na kuzungumza kwa adabu. Sheria humpunguzia daktari mzigo wa kuamua kama aseme au asiseme, na humpa jibu la kumwambia mzazi: si mimi ninayekushtaki, hii ni kazi yangu.

Huku kwetu Afrika tunayo mifano ya kujifunza. Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini ya mwaka 2005, katika Kifungu cha 110, imeorodhesha wanaolazimika kutoa taarifa mmoja baada ya mwingine: mwalimu, daktari, mkunga, muuguzi, mwanasaikolojia, mwanasheria, mkaguzi wa kazi, afisa uhamiaji, kiongozi wa dini, kiongozi wa jadi, hata mganga wa tiba asili. Kinachotakiwa ni sababu za msingi za kuamini, na anayetoa taarifa kwa nia njema hawezi kushtakiwa kwa madai kwa sababu ya taarifa hiyo. Nchini Kenya, Tume ya Kuwaajiri Walimu ilitoa Waraka Na. 3 wa mwaka 2010 unaomtaka mwalimu mwenye taarifa za mwanafunzi kudhulumiwa kingono aziwasilishe ndani ya saa 24, na anayeficha achukuliwe hatua za kinidhamu. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua shauri la wanafunzi wawili waliodhulumiwa na naibu mwalimu mkuu, akasema kwamba mwajiri hawezi kukwepa dhima kwa kumhamisha mwalimu wa aina hiyo kutoka shule moja kwenda nyingine na hatimaye kuridhika na kumfukuza kazi. Watoto walipewa fidia.

Neno "kuhamisha" wengi wetu tunalielewa bila kuelezwa. Kila mkoa una hadithi ya mtumishi aliyehamishwa "ili kutuliza hali". Hali hutulia pale alipotoka, na watoto wa pale alipokwenda hawajui chochote.

Sasa nieleze tukio lililonifanya niandike. Nitabadilisha mambo machache ili mtoto asitambulike.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu alikuwa katika mafunzo ya ualimu kwa vitendo kwenye sekondari moja ya kata. Siku moja usiku alinipigia simu. Baada ya shikamoo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dokta, kuna mtoto hataki kwenda nyumbani." Alikuwa msichana wa kidato cha pili. Kila jioni, wenzake wakishaondoka, alibaki akifagia madarasa yaliyokwisha kufagiwa. Mwanafunzi wangu alikaa naye siku tatu, wakasahihisha madaftari pamoja, na siku ya nne mtoto akasema. Alikuwa akiishi kwa baba yake mdogo. Sitaandika zaidi ya hapo.

Mwanafunzi wangu alifanya kile alichodhani ndiyo njia. Alimwendea mwalimu wa malezi, naye akamwambia hayo ni mambo ya familia. Alimwendea mkuu wa shule, naye akamwambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, wewe ni mgeni. Wiki zako zikiisha utaondoka. Sisi tunabaki na hawa watu. Una ushahidi?" Ndiyo maana alinipigia. Alitaka kujua kama anao. Nilimwambia kwamba sheria haimdai ushahidi, inamdai taarifa, na taarifa anayo. Nikamwambia aandike maneno ya mtoto kama yalivyosemwa, bila kuongeza wala kupamba, aweke tarehe, na asimuulize tena mtoto maswali hayo.

Nilisafiri kwenda huko siku mbili baadaye kwa ratiba yangu ya usimamizi. Tulikwenda pamoja ofisi ya kata, na swali la kwanza lilikuwa lile lile. Tukaenda halmashauri. Afisa ustawi wa jamii alikuwa mama mmoja mwenye mezani mafaili ya migogoro ya ndoa, matunzo ya watoto, wazee na watu wenye ulemavu. Gari la idara halikuwa na mafuta. Hakutuuliza ushahidi. Alituuliza mtoto yuko wapi sasa hivi, na leo usiku atalala wapi. Kisha akavaa kofia na kupanda bodaboda kwa nauli ya mfukoni mwake. Jioni hiyo mtoto alilala kwa shangazi yake, tarafa nyingine, na siku iliyofuata afisa huyo alimpeleka dawati la jinsia na watoto polisi, kisha hospitali.

Msomaji angependa kusikia kwamba mkosaji alifungwa. Hakufungwa. Wazee wa ukoo walikaa, mama mzazi akaambiwa kwamba anavunja nyumba ya watu waliomsomeshea mwanawe, mashahidi wakaacha kufika, na shauri likafifia. Mwanafunzi wangu alirudi chuoni na barua kutoka shuleni iliyosema kwamba anajihusisha na mambo yasiyomhusu. Sisi idarani tuliisoma barua hiyo na tukaihifadhi kama kumbukumbu ya tabia njema. Mtoto alihamishiwa shule ya karibu na kwa shangazi yake, na alimaliza kidato cha nne. Nikipima tukio lile kwa kipimo cha mahakama, tulishindwa. Nikilipima kwa swali la yule afisa, mtoto atalala wapi leo usiku, sheria ilifanya kazi kwa sababu watu wawili tu waliamua kuitekeleza: mwalimu mwanafunzi asiye na cheo na afisa asiye na mafuta.

Tusiwageuze waliokaa kimya kuwa mashetani. Mkuu yule wa shule alikuwa anasema kweli: yeye anabaki. Mwalimu wa kijijini hupanga nyumba kwa mwenyekiti, hukopa unga kwa mzee wa ukoo, na uhamisho wake unaweza kutegemea neno la diwani. Muuguzi wa zahanati anajua kwamba akisema, mgonjwa anayefuata hataletwa. Wapo pia wanaokumbuka kesi walizowahi kuripoti zikaishia kwa familia mbili kukaa chini, ng'ombe wakatolewa au fedha zikahesabiwa, na mtoa taarifa akabaki adui wa pande zote. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tunayo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini sijawahi kukutana na mwalimu aliyeambiwa na mwajiri wake kwamba inaweza kumhusu.

Wengine hujificha nyuma ya siri ya taaluma. Daktari huapa kutunza siri ya mgonjwa, mshauri nasaha huahidi kutotangaza aliyoambiwa. Hii ni misingi mizuri, nami naiheshimu. Lakini siri hiyo ni mali ya mgonjwa, na katika jambo hili mgonjwa ni mtoto. Anayemdhuru hana hisa ndani yake. Kwa sababu hiyo hiyo nawaonya wanafunzi wangu wasimwahidi mtoto kwamba hawatamwambia mtu. Ahadi hiyo ama itavunjwa, na mtoto atajifunza kwamba watu wazima ni waongo, ama itatimizwa, na mtoto atarudi kule kule.

Kuna sababu nyingine ambayo sisi walimu hatupendi kuitaja. Jicho letu limezoea. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, kama zilivyorekebishwa mwaka 2002, zinaruhusu viboko visivyozidi 4, kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa kuviandika katika kitabu. Kila aliyesoma hapa anajua tofauti kati ya kanuni hiyo na hali halisi. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mkoani Kagera alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu, na nchi nzima ikahuzunika. Lakini je, mwalimu anayeona alama za fimbo za shule kila wiki atazitofautishaje na alama za waya kutoka nyumbani? Hatuwezi kumfundisha mtu kushtuka Jumatatu kwa jambo alilolizoea Ijumaa.

Pamoja na haya yote, siamini kwamba kuongeza ukali wa sheria peke yake ni dawa. Wajibu wa kuripoti ukiwekwa vibaya humgeukia mtoto. Mfano tunao nyumbani. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na yakamtaka kila mkuu wa shule atunze kumbukumbu na kuwasilisha taarifa ya kila robo mwaka kuhusu ndoa na mimba za wanafunzi. Huu ni wajibu wa wazi wa mtaalamu kutoa taarifa, wenye jina la cheo na muda. Lakini wakati ule ule msichana mwenye mimba alikuwa akifukuzwa shule, na Juni 2017 Rais John Magufuli, akiwa mkoani Pwani, alitamka hadharani kwamba waliozaa hawatarudi katika shule za serikali. Vipimo vya mimba vilifanyika katika shule nyingi. Fikirini msichana aliyebakwa katika mazingira hayo. Mwalimu anayepaswa kuwa wa kwanza kumsikiliza ndiye ambaye taarifa yake ingemtoa darasani. Nani angesema? Zuio hilo liliondolewa Novemba 2021 na Wizara ya Elimu, na ninaamini kwamba hatua hiyo iliwapa wasichana sababu ya kuongea na walimu wao kuliko makongamano yote tuliyohudhuria.

Tahadhari ya pili inatoka huko huko Marekani ambako sheria hizi zilianzia. Kila mwaka mamlaka zao hupokea mamilioni ya taarifa, na sehemu kubwa inahusu kutelekezwa kuliko kupigwa au kudhulumiwa kingono. Familia maskini na familia za weusi huchunguzwa kuliko wengine, na watafiti wa huko wamekuwa wakihoji kama umaskini haujageuzwa kosa. Hapa sheria yetu ina busara ambayo hatuitumii. Rudini kwenye Kifungu cha 95: mlezi anayelalamikiwa kwa kutompa mtoto chakula na mavazi ni yule mwenye uwezo lakini anakataa au anapuuza. Bibi anayelea wajukuu watano kwa kuuza maandazi, na mmoja wao anakuja shule bila viatu, hajavunja sheria. Anahitaji msaada. Mwalimu anayeelewa tofauti hiyo hatamwogopesha bibi yule, na hatamwachia baba mwenye duka anayemnyima mwanawe matibabu.

Basi nini kifanyike? Kwanza, Bunge liwataje wataalamu kwa majina ya kazi zao ndani ya sheria mama, kama walivyofanya Afrika Kusini, na liweke muda unaohesabika kwa saa. Pili, anayetoa taarifa kwa nia njema alindwe kwa maneno ya wazi, na anayemhamisha au kumnyima haki kwa sababu hiyo awajibishwe. Tatu, fedha za ustawi wa jamii zionekane katika bajeti za halmashauri. Mpango wa MTAKUWWA ulianzisha kamati za ulinzi wa wanawake na watoto tangu kijiji hadi taifa, na hilo ni jambo jema, lakini kamati haiwezi kupanda bodaboda kwa kumbukumbu za vikao. Nne, mtoa taarifa apewe mrejesho. Mtu aliyeripoti akakaa miezi sita bila kusikia lolote hataripoti tena. Tano, vyuo vya ualimu, uuguzi, udaktari na sheria vifundishe jambo hili kama somo linalotahiniwa. Katika idara yetu tumeanza kwa kulitengea saa mbili kabla ya mafunzo kwa vitendo. Ni kidogo, lakini hakuna anayeondoka bila kukisoma kifungu chenyewe.

Kwa wanafunzi wangu na watumishi wenzangu mnaosoma haya, hamhitaji kusubiri marekebisho ya sheria. Mtoto akikueleza, msikilize bila kumkatiza na mwambie kwamba hakukosea kusema. Usimhoji kama polisi. Andika maneno yake, tarehe na saa, na uyatunze pasipo mikono ya watu. Usimwite anayetuhumiwa ili "mwelewane". Ikiwa mtoto amebakwa au kulawitiwa, afike hospitali mapema iwezekanavyo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Ulizeni kama wilaya yenu ina kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na afisa ustawi hupatikana mahali pamoja. Toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto. Ukikosa pa kuanzia, piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo. Mkuu wako wa kazi ajulishwe, lakini kumjulisha yeye hakuondoi wajibu wako. Na ukiulizwa ushahidi uko wapi, jibu kwa adabu kwamba umeleta taarifa, na kwamba sheria inakuruhusu kufanya hivyo.